Tiketi ya Mbele ya Mama Akisa

Nimekabidhi ufunguo wa ofisi, nimekatiwa keki, nimeimbiwa, na nimepewa saa ya ukutani ambayo kazi yake sasa ni kunionyesha jinsi asubuhi ya mstaafu ilivyo ndefu. Ninyi wadogo zangu mliobaki kwenye kaunta mliniomba niwaandikie mawili matatu ya kuwafaa. Siku ile nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki na sikuweza kubisha. Leo niko hapa nyumbani Burumba, mvua imezuia hata kuku kutoka nje, basi hebu niandike.

Habari za cheo na mshahara sitazigusa. Cheo changu mlikiona kimeandikwa mlangoni, na mshahara wenu unatosha kuwaambia wangu ulikuwaje. Nataka kuandika juu ya lile swali mnaloulizwa kila wiki: kiti cha mbele ya ndege, kile cha bei ya kuruka, kinastahili pesa yake au ni wizi wenye tabasamu? Wateja wetu hawasemi daraja la biashara wala daraja la kawaida. Wao husema mbele na nyuma, nami nitasema hivyo hivyo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, kwa kuwa nilidhani ofisi ya tiketi za ndege ina zulia. Ilikuwa chumba kimoja cha sakafu ya saruji hapa Busia, kwenye barabara ya kwenda mpakani, kati ya duka la dawa na wabadilishaji wa pesa. Malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Uganda yalisimama mbele ya mlango mpaka ukitaka kuona jua unatoka nje. Mzee Wandera, mwenye ofisi, alinitazama miguuni akasema, "Dada, hapa tunauza ndege. Haturuki." Kesho yake nilikuja na malapa ndani ya mkoba.

Mteja wangu wa kwanza alitaka kubadilisha shilingi za Uganda. Wa pili alitaka kujua kama tunauza panadoli. Wa tatu alikuwa padri aliyekwenda Roma, na nilipomwandikia tiketi nilikosea herufi ya jina lake. Ninyi mkikosea mnabonyeza na kosa linafutika. Wakati ule tiketi ilikuwa kijitabu cha karatasi zenye kaboni nyekundu nyuma, na ukikosea umeharibu kijitabu kizima. Mzee Wandera alikikunja kile kilichoharibika, akakitia mfukoni, akanipa kingine. Afadhali angenigombeza.

Mzee Wandera alikuwa Msamia mfupi mwenye sauti ya chini, na ujanani alikuwa amebeba mizigo kwenye uwanja wa Entebbe. Kila kitu cha ndege alikijua kuanzia chini, kwenye matairi na masanduku. Chombo chake cha kazi alichokipenda kuliko vyote hakikuwa simu wala kile kitabu kinene cha ratiba. Vilikuwa viti viwili vya chuma alivyovifunga pamoja kwa waya, na mbele yavyo akapigilia ubao mahali ambapo mgongo wa kiti cha mbele ungekuwa. Vipimo alivichukua mwenyewe kwa kamba, siku moja alipopanda ndege kwenda kumwona ndugu yake, na wahudumu wakamwonea huruma wakidhani ana wazimu.

Kila mteja wa safari ndefu alikalishwa pale. "Kaa," Mzee angemwambia. "Kaa kama mtu anayelala." Kisha angeendelea na shughuli zake, akapiga simu, akanywa chai, akabishana na kondakta aliyeleta barua za Kisumu, na mteja yuko pale magoti yamegusa ubao. Baadaye sana angemgeukia na kumwuliza, "Mwili unasemaje?" Wengine walifikiri wameingia duka la dawa kwa makosa.

Viti vile vilimsaidia kila mtu kwa namna yake. Alikuja wakala mmoja wa forodha kutoka Malaba, mtu wa mwili wa kutosha, akakaa na waya zikalia. Aliinuka haraka. "Boss, niandikie ya mbele," akasema. "Hii ingine ni ya watu wenye wamechorwa na penseli." Wiki hiyo hiyo akaja mhubiri mwembamba aliyetaka mbele kwa sababu ya heshima, maana waumini wake wangemsindikiza. Mzee alimkalisha, na mhubiri akapitiwa na usingizi palepale, akakoroma vizuri tu. Alipozinduka, Mzee alimwambia, "Mchungaji, Mungu alikupa mwili wa nyuma. Hiyo pesa ingine ezeka nayo kanisa. Na waumini wako watakomea mlangoni, hawataona ulikaa wapi." Alinuna, lakini alinunua ya nyuma.

Mama mmoja aliyeleta nguo kutoka Uchina alinifundisha hesabu ambayo haimo kwenye kozi yoyote. Alikwenda nyuma na kurudi mbele, kwa kuwa tiketi ya mbele inaruhusu mizigo mingi zaidi. "Mimi silipi kiti," aliniambia. "Nalipa masanduku. Kiti wananipa ya bure." Na kulikuwa na bwana mmoja mwenye malori aliyejinunulia mbele na kumnunulia mkewe nyuma, ndege moja, safari moja. Mke aliniuliza kwa upole kama mbele na nyuma hufika kwa wakati mmoja. Nikamjibu ndiyo. "Basi sawa," akasema, "mwandikie tu mbele. Mimi nitashuka nimechoka mgongo. Yeye atashuka na atanikuta mimi." Yule bwana alikohoa, na baada ya kukohoa akabadilisha zote mbili zikawa za nyuma.

Miaka ilikwenda hivyo. Nilijifunza kwamba mtu wa Busia akitaka kuruka ana njia mbili, kwenda Nairobi au kuvuka kwenda Entebbe, na kwamba Entebbe ni karibu zaidi lakini ni lazima umkumbushe kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza anatikisa kichwa tu. Nilijifunza kwenda Malaba siku za soko kuwafuata wateja ambao hawakuwa na muda wa kutufuata sisi. Mzee Wandera alipochoka alirudi kwao kufuga mbuzi, akaniachia viti vyake na tabia yake ya kuuliza maswali. Kisha zikaja kompyuta, zikaja simu, na watu wakaanza kujinunulia tiketi wakiwa kitandani. Waliobaki kuja kwetu ni wale wenye safari ngumu. Hao ndio wateja wenu sasa, kwa hiyo nisikilizeni kuhusu huyu mmoja.

Haikuwa zamani. Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu, na baadhi yenu mlikuwa mmeshaajiriwa, ingawa siku yenyewe mlikuwa mmetumwa Malaba. Kijana mmoja wa Adungosi aitwaye Gilbert Emojong alinipigia simu kutoka Kanada, anakofanya kazi kwenye ghala na anakoishi na mkewe, Akisa. Akisa alikuwa na mimba. Ilikuwa ya tatu, na zile mbili za kwanza waliwapoteza watoto. Safari hii daktari alikuwa amemlaza kitandani, asiinuke ila kwa lazima, na yeye alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mama yake.

Mama yake, Mama Akisa, ni mjane wa Angurai, mkulima, Mteso wa kanisa la asubuhi na shamba la mchana. Kiuno chake kilikuwa kibovu, Kiingereza hakujua, na ndege alikuwa ameziona zikipita juu tu. Gilbert aliamua kuja mwenyewe kumchukua. Aliniomba viti viwili vya nyuma, vinavyopakana, kutoka Entebbe, ili amfunge mkanda, amfungulie vile vipakiti vya chakula, na amwongoze kwenda msalani. Nikamwandikia. Moyoni nilimsifu sana, nikasema mkwe wa aina hii siku hizi utampata wapi. Mwanamke wa Kiluhya wa umri wangu alipaswa kushtuka papo hapo, lakini kioo cha kompyuta huonyesha majina na namba za viti. Hakionyeshi nani ni mkwe wa nani.

Gilbert alipofika nchini walikuja ofisini kuchukua tiketi na kuelezwa safari. Mama Akisa aliingia kwa fimbo, kitambaa cheupe kichwani, akanisalimia kwa adabu. Gilbert alibaki barazani akiwa ametugeuzia bega, anatazama malori. Nilidhani anaongea na simu. Nilimkalisha mama kwenye kiti cha chuma cha Mzee Wandera, nikamweleza habari za mkanda, na masikio kuziba, na mkoba wa kuweka miguuni.

"Na hapa kando yako," nikapiga kile kiti cha pili kwa kiganja, "ndipo atakapokaa mkwe wako. Gilbert! Njoo ukae tuone."

Gilbert hakusogea. Mama Akisa ndiye aliyesogea. Kwa mtu mwenye kiuno kile, alivyoinuka kwa kasi sijui nguvu alizitoa wapi.

"Akae wapi?" akaniuliza.

"Hapa, Mama."

"Hapa kando yangu."

"Ndiyo. Ili akusaidie."

"Na usiku ikifika? Tukilala?"

"Mtalala hapo hapo, Mama. Viti vinalazwa kidogo."

Alichukua fimbo yake, akachukua mkoba wake. "Madam, asante kwa kazi yako," akasema. "Mimi narudi Angurai."

Kwa ninyi mliolelewa mitaa ya mjini na hamjui, wacha niseme. Kwa Wateso, na kwetu Waluhya pia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Hawakaziani macho, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki hata kidogo, kwa maana huyu ndiye aliyepewa mtoto wa yule, na jambo kubwa namna hiyo watu waliliwekea nafasi ili lisizoeleke. Wengi wameliacha sasa. Mama Akisa hakuwa ameliacha. Tangu harusi hakuwahi kutia tonge mdomoni mbele ya Gilbert, nami nilikuwa nimempangia alale akiwa na mdomo wazi begani kwake kutoka bara moja mpaka lingine.

Na Gilbert? Miaka ya Kanada ilikuwa imemsahaulisha. Aliponipigia simu alikuwa anafikiria kiuno cha mama na mimba ya mke, basi. Alipofika nyumbani na kumkuta mama mkwe ameketi kwa kumgeuzia kisogo, ndipo mwili wake ulipokumbuka. Alisimama pale barazani, uso umemshuka, na hakujua aingie au akimbie.

Nilimrudisha mama kitini kwa maneno mengi na chai. Ndipo yakaanza mazungumzo ambayo katika kazi yangu yote sijapata mengine kama hayo. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, mlango ukiwa wazi na hatua chache kati yao, lakini kila mmoja aliongea na mimi.

"Madam, mwambie Mama nitakaa mbali," Gilbert akasema akitazama malori. "Nipee tu kiti ingine kule mwisho."

"Mwambie," Mama Akisa akasema akitazama kikombe, "akikaa mbali, huyo mzungu akiniuliza kitu nitajibu nini? Na vyoo vya hiyo ndege ziko wapi? Si atapita hapo akienda? Si ataniona nimelala?"

"Mwambie nitafunga macho nikipita."

"Atafunga macho aanguke juu ya watu? Mwambie hapana."

Nilicheka kidogo, wao hawakucheka, nikaacha. Kwa kweli nilianza kuingiwa na hofu. Visa ilikuwa tayari, likizo ya Gilbert ilikuwa fupi, na huko Kanada kulikuwa na mwanamke amelazwa peke yake akisubiri. Mama Akisa naye alitaka kwenda, jamani. Midomo ilikuwa ikimtetemeka kila jina la Akisa lilipotajwa. Lakini alikuwa anaambiwa akimtaka binti yake, aiache nje heshima aliyoitunza maisha yake yote.

Ndipo nilipowaambia habari za mbele. Nilimweleza mama kwamba kule mbele kila kiti kina ukuta wake mdogo na kinalala kikawa kitanda, kwamba choo ni chao peke yao, kwamba mhudumu huleta chakula mpaka ulipo, na kwamba kati ya mbele na nyuma kuna pazia. Wakishapanda watu, wanalifunga.

"Pazia," akasema.

"Pazia nzito, Mama. Wa nyuma hawaoni wa mbele."

Kisha akauliza bei, na mimi sikumficha. Nilimwambia kwa ng'ombe, kwa kuwa ndiyo hesabu aliyoijua. Alishika kifua. "Kiti ya kukalia siku moja? Mwambie bwana mkwe mimi siwezi lalia ng'ombe ya mtu."

"Mwambie Mama pesa iko," Gilbert akasema. "Ni ile nilikuwa nimeweka ya gari."

"Gari ya kumpeleka Akisa hospitali?"

"Mwambie jirani ana gari. Tumeongea."

"Mwambie jirani anaweza lala usingizi. Mimi sikalii gari ya mtoto wangu. Heri nibaki, yeye arudi amtunze."

Hapo ndipo Gilbert aligeuka. Hakumtazama mama, alinitazama mimi, lakini aliingia mpaka kizingitini, na sauti yake haikuwa tena ile ya mtu anayeagiza tiketi.

"Madam, mwambie Mama," akasema, "wawili tumewazika bila yeye. Akisa alikuwa analia akimwita, na mimi sikujua kufanya nini. Nilikuwa nimesimama hapo tu kama mti. Mwambie wa tatu siwezi peke yangu."

Sikumwambia mtu kitu. Lori moja liliwashwa nje, likanguruma, likaondoka. Mama Akisa alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya leso yake, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mkono wake bila yeye kuyafuta.

"Mwambie," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana, "nitakaa hiyo ya mbele."

Sasa sikieni sehemu ya kazi, maana huruma peke yake haikati tiketi. Kumhamisha mama mbele hakukutosha. Akiwa mbele kabisa na Gilbert nyuma kabisa, lile tatizo la lugha lingebaki palepale. Nilipiga simu shirika la ndege mchana mzima, nikasubiri na muziki wao, nikaongea na watu ambao kila mmoja alinipeleka kwa mwingine. Nilichotaka ni hiki: mama apewe safu ya mwisho ya mbele, na Gilbert safu ya kwanza ya nyuma, ili kati yao liwepo pazia na lisiwepo jambo lingine. Msichana wa mwisho niliyempata aliniuliza kwa nini. Nikamweleza mila yote kwa simu, pole pole. "Bibi yangu pia alikuwa hivyo," akasema, nami nikasikia vidole vyake vinabonyeza.

Halafu kwenye ile sehemu ya maelezo ya abiria, ambayo ninyi huiacha tupu, nikaandika kwamba anahitaji kiti cha magurudumu, kwamba anaongea Kiteso na Kiswahili, na kwamba mkalimani wake ni mkwewe, aliye safu ya nyuma ya pazia, aitwe asimame hapo hapo, asivuke. Msiache ile sehemu tupu. Kuna wahudumu wanaoisoma.

Walisafiri. Nami, kama ilivyo kwa wateja wetu wote, sikujua tena kilichotokea. Kazi yetu ni hivyo. Unawafikisha watu mlangoni pa ndege, ndege inafungwa, unabaki na stakabadhi.

Miezi ilipita. Asubuhi moja ya soko, nikiwa nahesabu siku za kustaafu kwangu, Mama Akisa aliingia ofisini. Alikuwa amenenepa mashavu na amevaa koti ambalo Busia halina kazi yoyote. Nilimkaribisha kwenye benchi, tukasalimiana kwa kirefu, nikaagiza chai. Swali la kwanza niliogopa kuliuliza, kwa hiyo nikauliza lenu.

"Mama, hiyo kiti ya mbele ilifaa pesa yake?"

Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa mahakamani. Kitanda kilikuwa kizuri, akasema, kiuno kilishukuru. Lakini baridi! Na chakula kilikuwa kidogo kwenye sahani kubwa, wanakuwekea kijiko tatu kama dawa. Walimpa mvinyo akaurudisha. Walimpa soksi akazichukua.

"Lakini hiyo pazia, Madam," akasema.

Mhudumu alikuwa amemuuliza kitu, hakuelewa, na yule binti akaenda nyuma kumwita Gilbert. Gilbert akaja akasimama upande wake wa pazia, akamtafsiria mama kwamba anaulizwa kama anataka maji. Akasema ndiyo. Maji yakaja. Akayanywa. Kisha, kwa sababu hakusikia nyayo zikirudi, akauliza, "Bado uko hapo?"

"Niko, Mama," Gilbert akajibu.

Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia moja kwa moja, bila mtu katikati. Na mila haikuvunjika, kwa maana hata kule Angurai mama mkwe akiwa ndani jikoni na mkwe akiwa nje ya ukuta, wanaweza kuongea. Ukuta unaruhusu kile ambacho macho yanakataza. Basi waliongea. Yule binti wa ndege aliwaacha, akamfungulia Gilbert kile kiti kidogo cha ukutani wanachokalia wenyewe.

"Nikamwambia kitu hata Akisa hajui," Mama Akisa alisema. "Ya kwamba kabla Akisa azaliwe nilizika mtoto. Na baba yake, mzee wangu, alisimama pia hapo kama mti. Nikamwambia, hiyo kusimama si ubaya. Nilikuwa nikifungua macho namwona amesimama, najua siko peke yangu." Akapangusa mdomo. "Nikasikia analia huko nyuma ya nguo. Angekuwa kando yangu, Madam, angemeza. Kijana hawezi lia mbele ya mama mkwe."

Ndipo nilipopata moyo wa kuuliza kuhusu Akisa.

Mtoto alikuja kabla ya siku zake, akasema, msichana mdogo sana, lakini alilia kwa nguvu na kila mtu chumbani akalia naye. Jirani mwenye gari hakulala usingizi. Mama Akisa alikuwa ndani, amemshika Akisa kichwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Gilbert alikuwa nje kwenye ukumbi, kwa sababu mama mkwe wake yumo ndani, na kwa sababu hakuna aliyemwambia kama aingie au asiingie. Nesi alimfunga mtoto, akataka kumpelekea baba yake.

"Nikamwambia Akisa amwambie huyo nesi, hapana. Nitampeleka mimi."

Alitembea mwenyewe, bila fimbo, mtoto mikononi, mpaka mlangoni. Gilbert alipomwona anakuja aliinamisha macho na kuanza kurudi nyuma kumpisha, kama alivyokuwa akimpisha miaka yote.

"Nikamwambia simama. Hapo hakukuwa na pazia, Madam, hakukuwa na kitu. Akasimama. Nikamwekea mtoto mikononi, na mikono yetu ikagusana."

Akaigeuza mikono yake mapajani, mikono ya jembe, akaitazama.

"Uliona haya, Mama?" nikamwuliza.

"Niliona haya sana," akasema. "Lakini kijana alikuwa anatetemeka, na mtoto ni mdogo. Kama ningetoa mkono, nani angemshika?"